Kompyuta Haikuibwa

Nimeacha kazi mvua za mwaka huu zilipokatika. Macho ndiyo yaliyoamua: waya wa kijani na waya wa buluu vimekuwa kitu kimoja kwangu, na fundi umeme asiyetofautisha rangi hizo ni hatari kuliko panya ndani ya boneti. Ninyi mnaoendelea na kazi, hasa ninyi wa darasa la ufundi hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mmeniomba niandike niliyojifunza. Nitaandika. Lakini mjue mapema kwamba naandika nikiwa na hasira, wala sina mpango wa kuipoza kwanza.

Nilipewa cheo gani, nililipwa vipi, hayo hayatawasaidia mkiwa mmelala chini ya dashibodi. Nitayaacha.

Nilitoka Uvira nikiwa mshonaji. Hapa kambini nilishona sare za shule na magauni ya kwaya kwa cherehani ya kukanyaga, mpaka mtu wa gereji moja ya Lilongwe alipokuja sokoni kutafuta fundi wa kushona viti vya magari. Nikaomba kibali cha kutoka, nikapanga chumba Kauma, na kila Jumamosi nikawa narudi Dzaleka. Siku yangu ya kwanza walinikabidhi viti vya basi dogo lililobeba samaki kwa miaka. Harufu yake sitaieleza. Nilishona tangu asubuhi hadi saa kumi, na mtu pekee aliyenisemesha alikuwa mzee wa umeme, Bambo Kamwendo (bambo ni bwana kwa Kichewa), aliyekuwa amelala chali ndani ya gari lililokuwa kando akipambana na fungu la nyaya.

"Amayi," yaani mama, aliniambia kwa Kichewa, "vidole vyako vinaweza kupita hapa?"

Vyake vilikuwa vinene kama ndizi. Vyangu vilipita. Niliufuata waya mmoja kwa kuupapasa, kama ninavyofuata uzi uliokatikia ndani ya pindo, nikaitoa ncha yake iliyoungua. Aliiangalia, akanishukuru, akaendelea na kazi. Kesho yake akaniita tena. Baada ya miezi michache viti vilikuwa vikinisubiri mimi, na mimi nilikuwa nikisubiri Bambo Kamwendo aniite.

Alinifundisha kwa vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa taa ya kupimia aliyoiunda mwenyewe kwa balbu ya taa ya nyuma na sindano ya kushonea magunia. Cha pili kilikuwa mita ya manjano, kioo chake kimepasuka, ambayo kila asubuhi aliijaribu kwanza kwenye betri nzima. "Usimwamini shahidi ambaye hujamjaribu," alisema. Sheria zake zilikuwa chache. Pima kabla ya kufungua. Gusa kabla ya kununua. Waya ukikukatalia, usimlaumu aliyeutengeneza, angalia aliyeupitisha.

Kisha yakaja magari yenye kompyuta. Kwa wasioijua, kompyuta ya gari ni kisanduku cha bati, ukubwa wa Biblia ya mfukoni kuzidi kidogo, kinachokaa nyuma ya kijaluba cha mbele ya abiria. Hakina kioo wala vibonye. Kazi yake ni kupokea habari kutoka kwa vihisio vilivyotawanyika kwenye injini, yaani vidude vinavyopima joto, hewa, mgandamizo wa mafuta na mguu wa dereva, halafu kuiamuru injini ifanye nini. Habari isipokifikia sawa, huwasha taa ya manjano kwenye dashibodi na kuweka namba akibani. Unachomeka mashini ya kusomea, unaipata namba. Namba hiyo tunaiita kodi. Kwa Kiswahili kodi ni kitu cha kulipia nyumba, na kweli nimewaona wengi wakiilipia.

Mara ya kwanza niliposoma kodi nilifurahi kama mtu aliyefumbua fumbo. Ilitaja kihisio cha hewa. Nikakimbilia kwa Bambo Kamwendo nikamwambia kihisio cha hewa kimekufa.

"Nani kasema kimekufa?"

"Mashini."

"Mashini imekutajia Kauma," alisema. "Wewe unaishi Kauma. Kauma kuna nyumba ngapi? Sasa shuka, utembee, ubishe hodi."

Nilitembea. Kihisio kilikuwa kizima. Bomba la mpira la kupitisha hewa lilikuwa limepasuka chini, mahali ambapo macho hayafiki na mkono unafika. Tangu siku hiyo sijawahi kubadilisha kitu kwa sababu ya namba peke yake, na natamani ningeweza kusema hivyo juu ya kila niliyefanya naye kazi.

Kulikuwa na gari la zahanati moja lililozimika kila mvua iliponyesha. Gereji tatu zilikuwa zimeshabadilisha vihisio vyake, vya asili vimetupwa na vipya vikaleta kodi zilezile. Nililikalia ndani huku likimwagiwa maji kwa ndoo, nikaona tone likipita chini ya mpira wa kioo cha mbele na kuteremka juu ya plagi ya kompyuta. Dawa yake ilikuwa gundi ya kioo na kitambaa kikavu. Siku hiyo nilijisikia fundi kwelikweli.

Bambo Kamwendo alipochoka akarudi kwao kulima. Aliniachia ile mita na ile taa ya sindano. Mkuu wa gereji akawa Deo, mtu wa Fizi, mwenzetu wa kambini, mzee wa kanisa, mwenye sauti nzuri na mashini mpya ya kusomea kodi, ile ya kioo kikubwa cha kugusa. Mashini yenyewe ilikuwa nzuri, sina neno nayo. Shida ilikuwa Deo. Alipoisoma hakushuka tena kutembea. Alisimama mlangoni na kioo chake, akataja namba, akaandika kwenye karatasi ya kazi, akagonga muhuri. Wateja walipenda. Mtu mwenye kioo anaonekana anajua kuliko mtu mwenye grisi.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Lilitokea mwaka wangu wa mwisho Lilongwe.

Asumani alikuwa jirani yangu hapa Dzaleka, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kwao ni Kindu, ukoo wa wafanyabiashara, mtu wa maneno machache na shati safi. Alikuwa akimwendeshea pikapu Bambo Mwale, mnunuzi wa karanga wa Mitundu. Wiki nzima alizunguka mashambani, mwisho wa wiki alirudi kwa mkewe Zaina na watoto. Wiki moja pikapu ilianza kutembea kama mgonjwa. Ukiikanyagia haizidi mwendo wa kabaza, baiskeli ya abiria. Asumani akaifikisha gerejini kwetu Ijumaa, akairipoti kwa Bambo Mwale, akaja nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshaondoka.

Jumamosi mchana nilikuwa naanika nguo. Niliona polisi watatu wakija kwa miguu, na nyuma yao Bambo Mwale. Walimkuta Asumani juu ya ngazi akitengeneza paa. Walimwambia ashuke. Alishuka na nyundo mkononi, wakaipokonya kana kwamba alitaka kuwapiga nayo. Kartie nzima, mtaa wetu wote, ilitoka nje.

"Banamubeba juu ya nini?" Zaina aliuliza. "Bwana yangu amefanya nini?"

"Ameiba kompyuta," alisema mmoja wa wale polisi.

Hilo neno ndilo lililomharibia Zaina wiki. Hakuna mtu pale aliyejua kwamba gari lina kompyuta. Walifikiri ni ile ya mezani, ya kuandikia. Kabla ya jua kuzama ilishasemwa kwamba Asumani kauza kompyuta ya ofisi, na wanawake walikuwa wakimwuliza Zaina ameificha wapi, wengine kwa huruma, wengine wakichungulia ndani. Nami sikujua jibu. Nilikaa naye, nikamwambia mumewe si mwizi, lakini kusema hivyo bila kujua lolote ni kama kupima kwa mita isiyo na betri.

Jumatatu nilipofika kazini nikaiona pikapu ya Bambo Mwale uani. Nikaichukua karatasi yake ya kazi. Chini ya orodha ya kodi saba Deo alikuwa ameandika: kompyuta imebadilishwa, si ya asili, kuna alama za kufunguliwa, gari huendeshwa na Asumani peke yake. Saini. Muhuri.

Nikafungua kile kijaluba, nikamulika. Alama zilikuwepo, mikwaruzo miwili ya bisibisi kando ya skrubu. Nilizijua. Ni zangu. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimekitoa kisanduku hicho kwa ajili ya kukausha maji ya mvua, bisibisi ikaniteleza, na Deo alikuwa amesimama nyuma yangu akiniharakisha. Mikwaruzo ya mkono wangu ilikuwa imemfunga mtu.

Nilimfuata Deo ofisini. Nilimsemesha Kiswahili chetu, kwa sababu wateja walikuwa wakisikiliza.

"Deo, ile alama ni mi nilifanya. We ulikuwa hapo."

"Mi sikumbuki."

"Mi nakumbuka. Asumani iko ndani ya kasho ya polisi sababu ya bisibisi yangu."

"Mama Neema, mashini imetoa kodi saba. Kodi saba siku moja. Ile kompyuta imekufwa. Bosi Mwale aliniuliza, gari mupya hivi, kompyuta inakufwa namna gani? Ulitaka mi niseme nini?"

"Ungesema haujui."

Aliniangalia kama nimemtukania mama yake. Katika kazi hii sijaona neno dogo linaloogopwa na mafundi kuliko hilo. "We rudi kushona makiti," alisema. "Mambo ya kompyuta unaniachia."

Nikarudi uani. Sikwenda kwenye viti.

Nilianza na ufunguo. Magari haya yana ulinzi: ufunguo na kompyuta vimefahamishana kiwandani. Ukiweka kompyuta ya gari lingine, ufunguo hautambuliwi, na injini haiwaki mpaka vifahamishwe upya. Nikaingiza ufunguo wa Asumani, nikawasha. Ikawaka mara moja. Iliunguruma vibaya, lakini iliwaka. Kisanduku kile kilikuwa kimezaliwa na gari lile. Kujua hilo kulinichukua muda wa kunywa maji, na Deo hakuwa amejaribu.

Halafu zile kodi saba. Zisomeni kwa utulivu, ninyi mnaojifunza. Zilitaja vihisio tofauti, lakini zote zilikuwa na lalamiko moja: umeme mdogo. Watu saba wa nyumba saba wakilia siku moja kwamba hawana maji, usibadilishe mabomba ya nyumba saba. Kompyuta huvigawia vihisio volti tano. Nikapima kwenye plagi ya kihisio kimoja, nikapata nusu volti. Nikavichomoa vyote kimoja kimoja nikipima kila mara, maana kimoja kikifa ndani kinaweza kuwanyima wenzake. Bado nusu volti. Basi ilikuwa njiani.

Nikaupapasa mkonga wa nyaya, lile fungu nene, kutoka kwenye kompyuta, kupitia ukuta wa injini, hadi nyuma ya injini. Kule nyuma vidole vyangu vikakutana na chuma ambacho kiwanda hakikukiweka. Kilikuwa kipande cha bati kilichokatwa kwa msumeno, kingo zake hazikupigwa tupa, kimeshikilia kisanduku cheusi cha kufuatilia gari liko wapi. Bambo Mwale ndiye aliyekiagiza ili ajue dereva wake anapita wapi. Waliokifunga ni sisi, gereji yetu, na aliyekikata alikuwa Deo. Barabara za mashambani zilikuwa zimekisugua kwenye nyaya mpaka mmoja ukabaki uchi na kugusa chuma. Nikauinua mkonga kwa mpini wa nyundo. Mita ikasoma tano. Nikaushusha. Nusu.

Nawaambia ukweli, sikuwa na furaha ya kufumbua. Nilikuwa na ghadhabu. Mtu mzima alikuwa amelala sakafuni siku ya tatu, mke wake anachunguliwa nyumba, na ukweli wote ulikuwa mahali ambapo mkono unafika.

Deo nilimwonyesha. Alitazama, akatafuna mdomo. "Utaifunga utepe," alisema polepole. "Na kompyuta tutabadilisha. Bosi alishakubali."

"Na Asumani?"

"Asumani bataachilia. Bakikosa ushahidi, bataachilia."

"Ushahidi ni karatasi yako, Deo."

Alirudi ofisini kwake. Nami sikuufunga utepe. Niliuacha waya kama ulivyo, nikatoa namba ya Bambo Mwale kwenye karatasi ya kazi, nikampigia.

Alifika Jumatano akiwa amekunja uso, mtu aliyeitwa kwa jambo lililokwisha. Deo akatoka ofisini haraka kuliko alivyotoka kwa mteja yeyote. Nilimwomba Bambo Mwale awashe gari kwa ufunguo wa dereva wake, nikamweleza maana yake. Kisha nikamwita kwenye boneti, nikampa mita aishike yeye.

"Soma," nikamwambia.

"Sifuri nukta tano."

Nikauinua mkonga.

"Tano," alisema. Nikaushusha. "Fanya tena." Nikafanya. "Tena." Mara ya tatu aliinama mwenyewe, akapeleka kidole kwenye kile chuma, kikamkata. Akakitazama kidole chake.

"Hiki chuma kafunga nani?"

"Sisi."

"Bosi," Deo akaanza, "mashini ilisema..."

"Mashini haikutaja jina la Asumani," nikasema. "Ilitaja umeme mdogo. Jina uliliongeza wewe. Na ile mikwaruzo ni yangu, nitakwenda kuisemea polisi."

Polisi, kama mnavyowajua, hawakutaka maneno yangu, walitaka karatasi. Kilichoingizwa kwa karatasi hutolewa kwa karatasi. Deo alikataa kuandika nyingine. Alisema hawezi kujipinga mwenyewe kwa maandishi. Basi niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa kupimia nguo: nilichopima, mahali nilipopima, nilichoona, nani alifunga chuma, mikwaruzo ya nani. Sikuongeza hata neno la hasira, na haikuwa rahisi. Bambo Mwale aliusogelea muhuri mezani kwa Deo, akaugonga yeye mwenyewe.

Nikakata sehemu ya waya iliyokuwa uchi, nikauchomelea, nikauvika mpira, nikakitoa kile chuma na kukipiga tupa pande zote kabla ya kukirudisha. Nikafuta kodi. Hakuna iliyorudi. Pikapu ikatoka uani ikivuta kama siku iliyonunuliwa, na kompyuta yake ileile.

Ijumaa Asumani aliachiliwa. Ijumaa hiyohiyo Deo aliniambia nisirudi Jumatatu. "Umenihaibisha mbele ya bantu," alisema. Nilikusanya taa ya sindano na mita ya kioo kilichopasuka. Miaka yote niliyomshonea viti na kumfungulia dashibodi, hakunipa hata asante. Baadaye nilitengeneza magari machache hapa na pale, barabarani kuelekea Dowa na hapa kambini, mpaka macho yakanisimamisha. Lakini kazi yangu kubwa iliisha siku ile, na sijutii ilivyoisha. Ninachokasirikia ni kwamba ilinibidi nichague.

Bambo Mwale alikuja Dzaleka wiki iliyofuata, jioni, peke yake, na mfuko wa unga wa nsima, ugali wa huku, begani. Nilikuwa kwa Zaina. Asumani alimpa kiti. Shati lake lilikuwa safi, lakini alikuwa amekonda na hakuwa akitazama watu usoni kama zamani.

"Nimeleta ufunguo," Bambo Mwale alisema kwa Kichewa. "Gari linakusubiri. Mambo haya tuyasahau."

Aliuweka ufunguo juu ya meza, Asumani hakuugusa. Kisha akajibu kwa Kichewa chake kizuri cha sokoni, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Bambo, uliponikamata ulikuja mchana. Ulikuja na watu watatu, na kila mtu hapa aliona. Leo umekuja jioni, peke yako, na unga. Chukua ufunguo wako. Ukitaka kunirudishia, rudi kesho saa ileile uliyonichukua, uyaseme mbele ya walewale."

Bambo Mwale aliondoka na ufunguo. Unga Zaina aliurudisha begani kwake, kwa heshima, kwa mikono miwili. Nilifikiri hatutamwona tena. Nilimwambia Asumani labda amejikatia riziki. Akasema, "Mama Neema, na hii njo riziki. Batoto yangu banaitwa ba mwizi ku shule."

Kesho yake, mchana, Bambo Mwale alirudi.

Alisimama mahali palepale ngazi iliposimama. Watu walitoka, kwanza kwa kuchungulia, halafu wakajaa. Wengi hapa hawajui Kichewa, hasa kina mama waliofika juzi, hivyo Bambo Mwale alipoanza kuongea walitazamana. Asumani akasogea kando yake. Akatafsiri yeye mwenyewe, sentensi kwa sentensi, sauti kavu, kana kwamba habari ni ya mtu mwingine.

"Anasema, haikuwa kompyuta ya mezani. Ni kisanduku ya ndani ya gari. Anasema, haikuibwa. Iko mahali yake tangu mwanzo. Ilikuwa waya."

Bambo Mwale akasema neno moja, "Ndalakwa," akainamisha kichwa.

Asumani akalitafsiri. "Anasema, yeye njo alikosa. Asumani hakuiba."

Kisha bibi mmoja wa nyumba ya mwisho, aliyekuwa wa kwanza kuuliza kompyuta imefichwa wapi, akainua mkono kutoka nyuma.

"Arudilie," alisema. "Batu ba huku nyuma hatukusikia."

Bambo Mwale alimtazama Asumani, apate kujua ameulizwa nini. Asumani akamwambia. Na yule bwana wa Mitundu akajikohoza, akapanda juu ya tofali, akayasema tena yote tangu mwanzo.